Maji yakitoka mtamboni, ni safi kwa nani?

SWALI: Assalaam alaikum, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mikindani, Mombasa. Nyumba tunayopanga imeungwa kwenye bomba la majitaka, na mwenye nyumba hutuambia tusitie shaka, kwani kila kitokacho vyooni mwetu husafishwa kwenye mtambo wa Kipevu kabla ya kufika baharini. Mume wangu huvua hori ya Tudor, nami huuza chaza na kaa. Wanangu huogelea huko kila Jumapili. Nataka kujua: mtambo huo husafisha kwa kiasi gani hasa? Dawa tunazomeza nazo huishia wapi? Je, chaza wangu wana madhara? Na jambo la mwisho: mamangu yuko Kisauni, ana kisima uani hatua chache kutoka karo la choo, na sasa analea mjukuu wa miezi miwili. Maji ya kisima huyachemsha. Yatosha?

JIBU: Wa alaikum salaam, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ina maswali manne na kila moja lina jibu lake. Mwenye nyumba wako hakukudanganya, ila alichokwambia kinajibu sehemu ndogo tu ya uliyoyauliza.

Mtambo wa majitaka wa kawaida, ukiwa mzima na ukiendeshwa na watu wanaoujua, huondoa asilimia 85 hadi 95 ya uchafu. Namba hiyo ndiyo utakayoisikia katika kila baraza. Lisilosemwa ni kwamba uchafu unaopimwa hapo ni wa aina moja, yaani ule unaooza. Vijidudu vya maradhi havimo katika hesabu hiyo, wala dawa, wala chumvi, wala ile mbolea inayotoka kwenye mkojo. Kila kimoja kina namba yake, na namba zenyewe zimeachana mbali sana.

Tuanze na huo unaooza, kwa sababu mtambo ulibuniwa kwa ajili yake.

Majitaka yanayoingia mtamboni ni maji matupu kwa zaidi ya asilimia 99.9. Ukiyatia kwenye chupa ya kioo utaona rangi ya kijivu, kama maji ya kuoshea mchele yaliyoingia vumbi. Ubaya wake umo katika hicho kidogo kilichobaki: kinyesi, mabaki ya chakula, mafuta ya kupikia, sabuni. Vikifika baharini bakteria huvila, na wanapokula huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, ileile anayoitegemea samaki. Mtu mmoja kwa siku moja hutoa uchafu unaohitaji hadi gramu 60 za oksijeni ili uliwe ukaisha. Bahari yenye joto kama yetu hubeba takriban miligramu 6 tu katika kila lita. Piga hesabu: uchafu wa mtu mmoja, wa siku moja, unaweza kumaliza oksijeni yote iliyomo ndani ya tangi jeusi la lita 10,000, yale yanayowekwa juu ya nyumba za ghorofa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Na hori zetu, ya Tudor na ya Port Reitz, zina midomo myembamba na matumbo mapana; maji ya ndani kabisa hayatoki yote kwa kupwa kumoja, hasa siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu. Ndiyo maana kuna pembe za hori ambazo mumeo amezihama bila kuambiwa na mtu.

Mtamboni majitaka hupita kwanza kwenye vyuma vilivyopangwa kama wavu wa dirisha, vikazuia matambara, nepi, mifuko na kila ambacho hakikupaswa kutiwa chooni. Kisha mchanga huachwa uzame. Kisha maji huingia kwenye birika kubwa yakatulia saa mbili hivi. Hapo, kwa kutulia tu, nusu hadi asilimia 65 ya chembe zinazoelea huzama chini, lakini uchafu unaooza hupungua kwa asilimia 25 hadi 40 tu, kwa kuwa sehemu kubwa yake imeyeyuka na haizami. Mtambo ukiishia hapo, kama ilivyo mingi katika miji ya pwani duniani, basi zaidi ya nusu ya madhara yote yamekwenda baharini.

Kazi yenyewe hufanyika katika hatua ya pili, na hii ndiyo niliyoitumikia kwa muda mrefu wa maisha yangu. Mwaka 1914 watafiti wawili wa Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett, walionyesha kwamba ukipuliza hewa ndani ya majitaka, kisha ukaacha tope lizame, ukamwaga maji ya juu na kulibakiza lile tope kwa majitaka yanayofuata, tope hilo hujifunza kula. Ni tope hai. Mabilioni ya bakteria wameshikana vipande vipande, wana njaa, na kila majitaka mapya yakiingia huyavamia. Hadi leo mitambo mingi ya miji duniani inafanya hivyo hivyo.

Nikueleze ninachokiangalia kila asubuhi kabla ya kupima chochote. Nachota lita moja kutoka kwenye birika la kupulizia hewa, naitia kwenye mcheduara mrefu wa kioo wenye mistari, nauweka dirishani na kutazama saa. Mwanzo ni rangi moja tu ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea. Baada ya dakika mbili tatu vipande vinaanza kukutana na kushikana, na mstari unatokea juu: maji meupe hapa, tope pale. Mstari unashuka polepole. Dakika ya 30 naandika ulipofikia. Ukisimama kati ya mililita 200 na 300, tope limelala zito na maji juu yake yanapitisha mwanga hadi nasoma maandishi ya karatasi iliyo nyuma, najua siku itakuwa njema. Ukiwa bado uko juu kwenye 800, tope limekuwa jepesi kama pamba, halizami, na litachukuliwa na maji hadi baharini. Halafu natia tone moja chini ya hadubini. Nikiona vidudu vile vyenye umbo la kengele, vimejishika kwa uzi mwembamba na kunywea kila vikiguswa, nafurahi, kwani haviishi palipokosa oksijeni.

Na oksijeni hiyo hutoka kwenye mashine, mashine hutaka umeme. Katika mtambo mmoja niliofanyia kazi nikiwa bado kijana wa maabara, umeme ulikatika saa nne usiku na jenereta haikuwa na dizeli. Tope hai humaliza oksijeni yake kwa dakika chache tu hewa ikisimama. Alfajiri nilipoingia, kahawia ilikuwa imegeuka nyeusi, harufu ya mayai viza ilinipokea langoni, na katika hadubini hapakuwa na kengele hata moja. Umeme ulirudi mchana ule. Maji ya kutoka yalichukua zaidi ya wiki kurudi hali yake, na wiki hiyo yote yalikuwa yakienda baharini kupitia bomba lilelile. Kwa hiyo ukisikia asilimia 90, uliza ni ya siku gani. Kipimo kilichochukuliwa Jumanne mashine zikiwa zinazunguka hakisemi kitu kuhusu Jumamosi zilipolala.

Kipimo chenyewe huitwa BOD. Unatia maji kwenye chupa iliyozibwa, unaiweka gizani siku 5 katika nyuzi 20 za Selsiasi, kisha unaangalia oksijeni iliyoliwa. (Mombasa kabati la kuwekea chupa hizo hufanya kazi ya friji, si ya kupasha joto, maana huku joto huwa juu ya nyuzi 20 karibu wakati wote.) Majitaka ghafi ya miji yetu huanzia miligramu 200 au 300 kwa lita na mara nyingi huzidi, kwa kuwa watu hutumia maji kidogo na uchafu hukolea. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayoachiwa kwenye mazingira, na 30 vilevile kwa chembe zinazoelea. Namba hizo zina asili yake. Mwaka 1912 tume ya kifalme ya Uingereza ilipendekeza BOD ya 20 na chembe 30, ikikadiria kwamba mto utayachanganya maji hayo na maji yake safi angalau mara nane. Walikuwa wakiwafikiria samaki wa mito ya baridi. Hawakuwa na mtoto anayeogelea akilini, wala mama mwenye ndoo ya chaza. Tumeirithi namba ile na kuifanya ndiyo maana ya neno "safi".

Sasa vijidudu, maana hapa ndipo lilipo swali lako la kweli.

Katika mililita 100 za majitaka ghafi, kiasi cha nusu ya glasi, mna bakteria wa kinyesi kati ya milioni 10 na milioni 100. Tuchukue milioni 10. Mtambo wa tope hai, bila hatua nyingine mbele yake, huondoa asilimia 90 hadi 99 ya hao. Asilimia 99! Mtu akiisikia hushukuru. Lakini asilimia moja ya milioni 10 ni laki moja. Katika Umoja wa Ulaya, ufuo wa kuogelea huitwa mzuri ikiwa E. coli, bakteria anayetumiwa kama alama ya kinyesi, hazidi 500 katika mililita 100. Maji yako yaliyosafishwa kwa asilimia 99 bado ni mara 200 ya kiwango hicho. Kuongeza tisa moja zaidi, 99.9, kunakufikisha elfu kumi. Kwa uchafu unaooza asilimia 95 ni ushindi. Kwa vijidudu asilimia 99 ni nusu ya safari. Ninapenda kila mtu aliye na kiti katika mikutano ya maji aielewe tofauti hii, kwa sababu ndiyo inayoamua kama pesa za mwisho zitatumika au zitaachwa.

Hatua ya kuua vijidudu iko. Yaweza kuwa mabwawa ya kina kifupi yaliyopangwa moja baada ya jingine, maji yakakaa humo wiki kadhaa yakipigwa na jua; mwale wa jua, mwani na muda hufanya kazi ambayo mashine haziwezi, na mayai ya minyoo huzama yakabaki chini. Nairobi wanayo mabwawa ya Dandora, kule Ruai, yaliyoanza kazi mwaka 1980. Mabwawa hayahitaji umeme wala vipuri, ila yanataka ardhi, na ardhi ndiyo Mombasa isiyokuwa nayo ya kuchezea. Badala yake twaweza kutia klorini, ambayo lazima idhibitiwe isije ikaua vizazi vya samaki kwenye mikoko, au kupitisha maji chini ya taa za miale ya urujuanimno, ambazo hazina maana maji yakiwa na ukungu wa tope. Njia zote hizo hutaka hatua ya pili iwe imefanya kazi vizuri kwanza.

Bahari nayo husaidia, nisiinyime haki yake. Chumvi na jua la saa sita humaliza sehemu kubwa ya bakteria wa kinyesi kwa saa chache maji yakiwa meupe. Usiku, au maji yakiwa na tope baada ya mvua ya masika, huishi muda mrefu zaidi. Virusi ni wagumu kuliko bakteria.

Kuhusu mkojo nitakuwa mfupi kidogo. Kila mtu hutoa takriban gramu 10 za nitrojeni kwa siku, nyingi yake ikiwa kwenye mkojo. Watu laki moja ni tani moja kila siku. Mtambo wa kawaida usiobuniwa mahsusi kwa kazi hiyo huondoa kama robo tu. Robo tatu, kilo 750, huingia baharini kila siku kama mbolea ya kunyunyizwa. Mwani hushamiri, nyasi za bahari hukosa mwanga, matumbawe huzibwa. Joto letu linatupa nafasi ambayo Ulaya hawanayo wakati wa baridi, maana bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati hupenda nyuzi 28 na hufanya kazi haraka hewa ikiwatosha. Lakini nitrati bado ni mbolea. Ili iondoke kabisa na kuwa gesi, lazima maji yapitishwe mahali pasipo na oksijeni kwa makusudi, kisha yarudishwe. Hilo linawezekana bila kujenga mtambo mwingine, kwa kuzima baadhi ya mashine za hewa kwa zamu, lakini linahitaji mtu anayepima kila siku na kujua anachokifanya.

Chumvi haitoki. Wengi wetu huku tunaogea na kuflashi vyoo kwa maji ya kisima yenye chumvi na kuweka maji tamu kwa ajili ya kunywa na kupikia, na mabomba ya zamani yaliyo chini hunyonya maji ya bahari siku za bamvua, bahari inapojaa sana. Chumvi hiyo huingia mtamboni na kutoka vilevile. Anayesema maji yaliyosafishwa yakanyweshee mchicha apime chumvi kwanza.

Sasa dawa. Umeuliza kwa hofu, na nitakujibu bila kukuficha. Sehemu ya dawa nyingi unazomeza hupita mwilini na kutoka nzima. Nyingine tope hai huzila vizuri mno: paracetamol na ibuprofen huondoka kwa zaidi ya asilimia 90. Carbamazepine, ambayo wagonjwa wengi wa kifafa huitumia, hupita karibu yote kama ilivyoingia; bakteria hawajui pa kuishika. Nevirapine, mojawapo ya dawa za zamani za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, nayo ni sugu, na watafiti wamezikuta dawa za aina hiyo katika maji ya Mto Nairobi. Viasi vyenyewe ni vidogo sana, vya sehemu ya milioni au ya bilioni ya gramu kwa lita, na kwa mwanao anayemeza funda la maji akiogelea, dawa hizo si jambo la kumkosesha usingizi. Vijidudu ndivyo. Kwa samaki ni habari nyingine. Katika ziwa moja la majaribio nchini Kanada, kati ya mwaka 2001 na 2003, watafiti walitia homoni ya vidonge vya kupanga uzazi kwa kiasi cha nanogramu (sehemu ya bilioni ya gramu) 5 hadi 6 tu kwa lita, na madume ya aina moja ya samaki wadogo yakaanza kuota mayai ndani, kizazi kikakatika karibu chote.

Tafadhali mtu yeyote asisome hapa akaacha dawa yake. Meza dawa uliyoandikiwa. Zile zilizobaki au kuisha muda usizimwage chooni.

Kuziondoa dawa kwenye maji kunawezekana kwa ozoni au kaboni ya kuchujia. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha sheria inayotaka mitambo mikubwa iongeze hatua hiyo, na watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama yake. Na mtu asikwambie haya hayawezekani Afrika: Windhoek, Namibia, wanageuza majitaka yao kuwa maji ya kunywa tangu mwaka 1968. Wana mpangilio wa hatua nyingi na wanapima bila kuchoka.

Kuna neno "kuondoa" ambalo limekuwa likinisumbua tangu nianze kuandika jibu hili. Risasi, zinki, kadmiamu kutoka karakana, hata chembe za plastiki kutoka nguo tunazofua, huondolewa kwenye maji kwa kiwango kizuri, plastiki kwa zaidi ya asilimia 90. Hazikupotea. Ziko ndani ya tope. Mtambo hutoa tope kila siku, likaanikwa kwenye vitanda vya mchanga hadi likapasuka kama udongo wa kiangazi, na wakulima hulipenda maana mahindi huota nalo vizuri. Mayai ya minyoo ya matumbo huishi humo miezi mingi. Tope la kupelekwa shambani lilale mwaka mzima au zaidi bila kuongezwa tope jipya, na hata hapo lisitumike kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Mtambo unaojivunia maji meupe bila kuonyesha tope lake limekwenda wapi umekuonyesha nusu ya daftari.

Baada ya yote hayo, mama, liko jambo kubwa kuliko asilimia zote nilizotaja. Mtambo husafisha yale tu yanayoufikia. Tuseme kati ya nyumba kumi, mbili zimeungwa kwenye bomba, na mtambo unaondoa asilimia 90. Mji mzima umesafisha asilimia 18. Ukiutengeneza mtambo ufikie 95, mji umefika 19. Ukiunga nyumba mbili nyingine kwenye mtambo uleule, ukiwa na nafasi ya kuzipokea, mji umefika 36. Mombasa wakazi wengi hawako kwenye bomba; wako kwenye makaro na mashimo, juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo, na makaro yakijaa lori la kunyonya huitwa. Na hata palipo na bomba, bomba huziba, hupasuka, kituo cha kusukuma maji husimama, na majitaka hutafuta njia ya bondeni. Watafiti wa mikoko walishaandika zamani juu ya majitaka ghafi yanayopita katikati ya mikoko ya Mikindani kuingia hori ya Tudor. Wewe uko pale pale. Ukiona mfereji wenye maji ya kijivu unaotiririka wakati wa kiangazi, pasipo mvua, hayo si maji ya mtambo. Hayajaonja mtambo.

Mikoko hujitahidi, hushika tope na kunywa mbolea, na kule hori ya Mtwapa, kwa ajili ya majitaka ya gereza la Shimo la Tewa, ulijengwa mfumo wa kusafisha kwa mimea uliosaidiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Napenda kuona vitu kama hivyo vikienea kwenye mitaa isiyofikiwa na bomba. Lakini mikoko yenyewe tusiifanye choo. Ikielemewa, tope jeusi huziba mizizi inayopumulia na miti hufa ikiwa imesimama.

Kwa hiyo likitangazwa baraza la maji mtaani kwenu, nenda, na usiulize kama mtambo unafanya kazi. Utajibiwa ndiyo. Uliza E. coli ni wangapi kwenye maji yanayotoka, mwezi kwa mwezi. Uliza mashine za hewa zilisimama saa ngapi mwezi uliopita. Uliza malori ya kunyonya vyoo yaliyofika mtamboni ni mangapi, ulinganishe na unayoyaona barabarani kila siku.

Chaza ndio wanaonitia wasiwasi. Chaza mmoja huchuja makumi ya lita za maji kwa siku na kuhifadhi ndani yake kile kilichomo, kwa hiyo vijidudu mwilini mwake hukolea kuliko majini alimo. Usiwachume karibu na mfereji wowote wala siku chache baada ya mvua kubwa. Usimuuzie mtu chaza mbichi wa hori, hata akiwa na ndimu na pilipili, kwani ndimu haiui. Kuwapitisha kwenye mvuke hadi wafunguke tu hakutoshi. Waache wachemke hasa kwa dakika kadhaa baada ya kufunguka. Kaa na samaki wakipikwa vizuri hawana tatizo hilo, ila waoshe kwa maji tamu safi, si ya hori.

Watoto waogelee maji yakiwa yanajaa, wakati bahari ya nje inaingia. Maji yakipwa kila kilichoko ndani ya hori na mifereji hutoka kupitia walipo. Baada ya mvua wasubiri siku mbili tatu. Mwenye kidonda abaki ufuoni.

Nimekiacha kisima cha mamako mwisho kwa kuwa nataka kiwe ndicho utakachokishughulikia leo. Karo lililo hatua chache kutoka kisimani, juu ya matumbawe, ni kama liko ndani ya kisima. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa mamako mwenyewe kunasaidia sana. Lakini nitrati inayotoka kwenye mkojo haifi kwa moto. Maji yanapopungua kwenye sufuria, nitrati hukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wa chupa walio kama mjukuu wake, kwa sababu nitrati nyingi huzuia damu yao changa isibebe oksijeni, na mtoto akabadilika rangi midomoni na kwenye kucha. Kama ananyonya titi la mama tu, aendelee kunyonya. Kama anapewa maziwa ya kopo, maji ya kuyachanganyia yasitoke katika kisima kile, hata yakichemshwa mara tatu. Mpeleke mamako madumu mawili ya maji ya bomba kesho asubuhi, nayo pia myachemshe, na akiona ubuluu wowote kwenye midomo ya mtoto asingoje, ampeleke hospitali saa hiyo hiyo.